Mwaka Niliokaa Eda Kinoru

Tulimzika Ciarunji huko Gachoka, siku ya jua kali, kwenye shamba lake mwenyewe, pembeni mwa ndengu ambazo hakuwahi kuzivuna. Katika watu wale wote wa kanisa mimi peke yangu nilikuwa nimevaa buibui, na mwanawe mkubwa alinishika mkono akaniketisha mbele pamoja na familia. Msimamizi wa mazishi alipoita marafiki wa marehemu nilisimama, akaniuliza nilijuana naye wapi. Nikasema, "Meru mjini, Kinoru. Tulikaa nyumba moja." Watu wakangoja niendelee. Sikuweza. Nikarudisha kipaza sauti, nikaketi, na kwaya ikaanza kuimba. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ninapofungua kibanda changu cha viazi hapa sokoni Embu, maneno niliyoshindwa kuyasema pale kaburini yananijia moja moja, na bora niyaandike kuliko kuyabeba.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Kenya nilikuwa bado mgeni. Nilitoka Kondoa, Tanzania, nikaletwa Meru na mume wangu Idrisa, Mmeru wa Kiislamu aliyekuwa na lori la kuchukua viazi Kibirichia na kuvipeleka Isiolo. Jinsi tulivyooana nitaiacha. Yatosha kusema kwamba alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kwa pua, na kwamba siku moja ya mvua breki za lori zilikataa kwenye mteremko akaletwa nyumbani amefunikwa turubai. Alizikwa kabla ya magharibi. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mama yake, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alinishika bega akanipeleka chumba cha nyuma. "Hapa ndipo utakapokaa eda," akasema. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo. Idrisa alikuwa akiweka humo viazi vya mbegu, na harufu yake haikuwa imetoka. Siku za kwanza nilipofagia chini ya kitanda niliokota viazi vilivyosinyaa, vimetoa machipukizi meupe marefu yakitafuta mwanga. Kulikuwa na kitanda cha mbao, sanduku langu, ndoo ya maji, mswala, na dirisha lililotazama ukuta. Nyuma ya ukuta, mbali kidogo, ndiko uwanja wa mpira. Siku za mechi nilisikia maelfu ya watu wakipiga kelele kwa pamoja, halafu kimya, halafu kelele tena, na sikujua nani anashinda. Mtu akiniuliza leo upweke ni nini, namwambia ni kusikia watu wakishangilia kitu usichokiona.

Nataka nieleweke hapa, maana nimewahi kusimulia habari hii kwa watu wakakimbilia kusema dini ndiyo iliyonifungia. Sivyo. Eda ilinipa muda wa kulia bila mtu kuniuliza nitapika nini, na mpaka leo nashukuru kwa hilo. Sikupaka wanja wala manukato, sikutoka, nilisali na kulala. Wiki za mwanzo chumba kile kilikuwa blanketi. Watu ndio waliokigeuza baadaye kikawa kufuli.

Aliyeruhusiwa kuingia na kutoka kila siku alikuwa mfanyakazi wa nyumba, Ciarunji, mwanamke wa Kimbeere aliyenizidi umri kama miaka kumi na mitano. Watoto wake alikuwa amewaacha kwa mama yake Gachoka. Nilimwita dada, kama tunavyoitana kwetu, na Bi Mkubwa alishanisahihisha mara nyingi: "Huyo ni mfanyakazi, si dada yako." Mimi niliendelea. Ciarunji alikuja na uji wa wimbi ndani ya kikombe kikubwa cha bati, akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Naomba na maji, dada," nikamwambia siku ya kwanza.

"Unaomba? Maji ni kitu ya kuombwa? Sema 'leta maji.' Nyinyi watu wa Tanzania mtakufa na kiu mkiomba."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na nikaona haya kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye sanduku langu mpaka nikamaliza uji, akakichungulia kikombe kuhakikisha, ndipo akatoka.

Watu wa nyumba ile walisema nami Kiswahili, ila walipotaka kusema mambo yao walihamia Kimeru. Ukumbi ulipakana na chumba changu, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao. Mwanzoni Kimeru kilinipita kama mvua juu ya mabati. Lakini mtu asiye na kazi nyingine husikiliza. Nililishika neno moja, Ciarunji akija na chakula namwuliza kwa kunong'ona maana yake. Yeye mwenyewe hakuwa Mmeru, ila alisema lugha yao na ya kwao ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Alinijibu huku akikung'uta shuka, bila kunitazama, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua chochote.

Ni yeye pia aliyenigundua. Mwezi wa pili wa eda nilikuwa natapika kila asubuhi nikidhani ni huzuni. Alisimama mlangoni akanitazama nikifuta mdomo.

"Siku zako uliona lini?"

Sikukumbuka.

"Haya," akasema. "Huyo Idrisa amekuachia kitu."

Habari ilipofika kwa Bi Mkubwa, alikuja chumbani akapiga magoti, mtu mzima yule, akaweka mkono juu ya tumbo langu na kulia mpaka kanga yake ikalowa. Nilimhurumia. Viatu vya Idrisa bado alikuwa ameviweka mlangoni, akivipangusa vumbi kila asubuhi. Sasa alianza kuniletea maziwa kwa mkono wake, na maini, na supu ya mifupa. Lakini pia geti la nyuma likafungwa kwa minyororo, na mlango wa chumba changu ukapata komeo upande wa nje. Alisema ni kwa sababu ya wezi. Baba Mdogo Rashidi, ndugu wa marehemu mkwe wangu, alikuja kunieleza kwamba mjamzito eda yake haiishi kwa ile miezi minne na siku kumi, inakwisha anapojifungua. Hilo ni kweli, nililijua. Lisilokuwa la kweli ni lile komeo.

Jioni moja, baada ya chai, niliwasikia ukumbini. Kimeru chao kilikuwa kimeshaanza kukaa wazi masikioni mwangu.

"Akizaa mvulana, jina la Idrisa limerudi," Baba Mdogo alisema. "Swaleh amwoe, mtoto akulie hapa."

Swaleh alikuwa mdogo wake Idrisa, ana mke tayari. Aliuliza, "Na akikataa?"

"Akatae aende wapi?" Bi Mkubwa akajibu. "Kwao ni Tanzania. Hata njia ya kwenda stendi haijui."

Neno lile liliniuma kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa sahihi. Tangu nifike Meru sikuwahi kutoka peke yangu. Nilienda na Idrisa, au na Bi Mkubwa, nikitazama visigino vya aliyenitangulia. Kama mtu angenifungulia geti siku hiyo na kuniambia nenda, nisingejua nikunje kulia au kushoto.

Khadija, mke wa Swaleh, alikuja kuniona siku chache baadaye. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amempakata binti yake mdogo, akawa anamsuka nywele ambazo zilikuwa zimesukwa tayari. Mwishowe akasema, "Najua unasikia wanayoyapanga. Ukikubali sitakulaumu. Mtu hukubali analolazimika. Lakini usije ukaniita dada." Nikamwambia sijakubali kitu. Akasema, "Hawajakuuliza bado," akambeba mtoto akatoka. Swaleh naye alikuja, hakuingia. Alisimama nje ya mlango nikaona kivuli cha miguu yake. "Shemeji," akasema, "mimi sina neno nawe. Nafuata wazee." Nilimngojea aongeze jambo. Miguu ikaondoka.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati, asubuhi ya mvua. Bi Mkubwa alinipapasa akasema bado, mimba ya kwanza hudanganya, na tena akasema mjukuu wake atazaliwa nyumbani alikozaliwa baba yake. Ciarunji alikuwa akinikanda mgongo. Baadaye aliweka kiganja juu ya tumbo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Mama, huyu apelekwe hospitali. Tumbo imekuwa gumu na mtoto hachezi."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi nimezaa watano. Mmoja alinyamaza hivi."

Bi Mkubwa alimwambia aende jikoni. Hakwenda. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, ameshika mkono wangu, na ule ubishi wake wa kimyakimya ndio ninaoukumbuka zaidi kuliko maumivu. Swaleh aliporudi kutoka msikitini alasiri alisikia sauti yangu, akaingia chumbani bila kubisha, na bila kumwuliza mama yake alinibeba mpaka kwenye pikapu. Hospitalini muuguzi alinipima kwa kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakisogeza, akakisogeza tena, kisha akakiweka mezani na kunifunika vizuri. Hapo nilijua. Mwanangu alizaliwa jioni. Alikuwa na nywele nyingi, na kucha zimekamilika, na mdomo wa baba yake. Walinipa nimshike. Nilitaka kumwita Yusuf, na nilikuwa bado natafuta nguvu za kulisema jina hilo kwa sauti, Swaleh alipofika na kitambaa cheupe akisema mama ameshatoa jina, anaitwa Idrisa, na wazee wanangoja. Wakamchukua. Wanawake wa nyumba ile hawakwenda makaburini, kwa hiyo sikujua hata amelazwa upande gani.

Waliponirudisha chumbani nilikuta kumeshafagiliwa. Siku iliyofuata Ciarunji alikuja na bakuli la njahi, zile kunde nyeusi ambazo huku mlimani hupikiwa mwanamke aliyejifungua, apate damu na maziwa. Alikuwa amezitia vitunguu na samli. Bi Mkubwa alimfuata nyuma.

"Hizo ni za mzazi," akasema.

Ciarunji akaweka bakuli mapajani mwangu. "Na huyu ni nani?"

Nikala. Sijui kama nimewahi kula chakula kizito namna ile. Kila punje niliimeza kwa machozi, lakini nilikula mpaka chini, kwa sababu katika nyumba nzima ilikuwa ishara pekee kwamba mwanangu alizaliwa.

Kwa kuzaliwa kwake eda yangu ilikuwa imekwisha. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Mlango wangu ulifunguliwa na yeye, na kwa namna ambayo hakuna mama angeitaka. Watu hupenda kuniita mwanamke aliyejikomboa. Huwa nanyamaza, maana najua nani alilipa.

Siku chache baada ya hapo walikaa tena ukumbini, wakasema kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Bila mtoto, huyu ni mgeni tu," Baba Mdogo alisema. "Arudishwe kwao, baba yake amtafutie mwingine."

"Abaki," Bi Mkubwa akasema. "Nimezoea mikono yake. Nani atanikanda miguu? Swaleh amwoe hivyohivyo, atazaa tena."

"Mama," Swaleh alianza.

"Nyamaza wewe. Ulimpeleka hospitali, alileta nini?"

Komeo siku hizo walikuwa hawalifungi tena. Hakukuwa na cha kuchunga. Nilisimama nikishika ukuta. Damu bado ilikuwa inatoka, na maziwa yalikuwa yameingia, yasiyo na wa kuyanyonya, gauni limelowa kifuani lote. Nilijitanda kanga juu nikafungua mlango. Walinigeukia kama wanaotazama kabati linatembea. Nikasema kwa Kimeru, kibovu, lakini chao: "Sirudishwi, na sibaki. Eda yangu imekwisha. Kwetu nitakwenda siku nitakayotaka mwenyewe."

Baba Mdogo ndiye aliyepata sauti kwanza. Akauliza, "Nani amemfundisha?" Wote wakageuka kutazama jikoni, ambako Ciarunji alikuwa akisugua sufuria.

"Masikio yake," akasema, bila kuinua kichwa.

Kwa neno hilo alipoteza kazi. Tuliondoka asubuhi iliyofuata, mimi na sanduku langu, yeye na mfuko wake. Swaleh alifungua geti. Khadija alisimama mlangoni kwake, akaniwekea mkononi sabuni mpya na kanga, akarudi ndani. Bi Mkubwa hakutoka. Nje ya geti nilisimama, na Ciarunji akasimama pia, akaningoja. "Stendi iko chini, upande huo," akasema. "Tangulia wewe. Ukipotea nitakwambia." Nikatangulia.

Gachoka mwaka ule mvua ilikuwa imekataa, kwao hakukuwa na chakula cha kuongezea mdomo, kwa hiyo tulipanda mlimani Kibirichia, ambako viazi vilikuwa tayari na mikono ilihitajika. Sitapamba maisha yale. Tulikodi chumba cha mbao chenye nyufa, baridi ikiingia usiku kama mwenye nyumba. Nilikuwa sijapona, na niliinama kwenye matuta nikichimbua viazi kutoka udongo mweusi mpaka kiuno kikafa ganzi. Maziwa yalichukua muda kukauka. Ciarunji aliniwekea majani ya kabichi kifuani na kunifunga kwa leso. Wenzetu shambani, watu wa kanisa wote, waliulizana kwa Kimeru kwa nini huyu anafunika kichwa hata kwenye matope, na siku nilipowajibu kwa lugha yao walicheka wakanipisha nikae nao wakati wa chai. Ramadhani ilipokuja nilifunga nikichimba. Mwenye shamba alisema nitamfia mikononi. Ciarunji akamwambia, "Mwache. Huyu amekataa kufa kwa mambo kubwa kuliko hii." Mara nyingi tulilipwa viazi badala ya pesa, tukawa tunashuka navyo Meru mjini siku ya soko. Hapo ndipo nilipoanza kuuza. Niligundua kwamba yale maneno yangu ya "naomba" na "karibu" yaliwavutia wateja, na kwamba naweza kukumbuka uso wa kila mtu aliyewahi kununua kwangu. Baba yangu alituma salamu kwa dereva wa Kondoa: nirudi, ameshapatikana mtu. Nikarudisha salamu kwamba nawapenda, nami sirudi sasa. Niliyatuma maneno hayo, na usiku ule sikulala, nikihisi sina kwetu popote duniani. Sikuolewa tena. Watu hudhani ni uchungu. Mimi nasema nilizoea kulala katikati ya kitanda.

Swaleh alinifuata Kibirichia karibu mwisho wa mwaka. Alinikuta ukingoni mwa shamba, matope mpaka magotini, akasimama na viatu vyake safi asijue akanyage wapi.

"Mama anaumwa," akasema. "Amesema urudi. Hakuna atakayekulazimisha kitu tena."

"Kurudi, sirudi. Mwambie namwombea. Lakini kuna jambo nataka kwako. Nionyeshe kaburi la mwanangu."

"Shemeji, unajua kwetu wanawake hawaendi makaburini."

"Wewe ulimzika. Mimi nilimzaa na sijui amelala wapi. Alhamisi tunashuka sokoni. Nitakuja langoni mwa makaburi, na usipokuwepo nitauliza mtu mwingine."

Alikuwepo. Alinitangulia kati ya makaburi mpaka kwenye kaburi la Idrisa, ambalo nililiona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kando yake palikuwa na tuta dogo, jiwe kichwani, jiwe miguuni, nyasi zimeanza kulifunika. Lilikuwa fupi kuliko mkono wangu nikiunyoosha. Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kulia sana na haikuwa hivyo. Niling'oa nyasi mbili tatu, nikaweka kiganja juu ya udongo, ukiwa na joto la jua.

"Yusuf," nikasema.

Swaleh akakohoa. "Mama alimwita Idrisa."

"Idrisa ni huyo aliye kando yake. Huyu ni Yusuf."

Swaleh akachuchumaa upande wa pili wa tuta, akafungua viganja, akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini, nami nikafungua vyangu. Alipofika mahali pa kutaja jina la mtoto alisita, akanitazama, akasema Yusuf.

Langoni alinifungulia mlango wa pikapu. Nikamshukuru, nikamwambia naijua njia. Nilishuka kwa miguu mpaka sokoni, nikamkuta Ciarunji ameshateremsha mzigo wetu kutoka kwenye lori, amesimama kando ya gunia akijipepea kwa leso. Alinitazama usoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi shika upande huo," akasema.

Nikashika, tukainua.